KUMPOKEA MWANAMKE ANAYEANZA KAZI ZA KOMPYUTA

Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi



Katika desturi za visiwa hivi mwari hakuachwa aingie ukubwani peke yake. Alikuwa na somo yake, mtu mzima aliyemtangulia kwa umri na kwa kuona mambo. Kazi ya somo ilikuwa kumfahamisha mwari yale aliyoona haya kuyauliza mbele za watu, kumkanya bila ya kumtahayarisha, na kumsimamia mpaka siku ambayo hakuhitaji tena kushikwa mkono. Mazungumzo haya yanamhusu mwari wa aina nyengine: msichana au mama anayeanza kujifunza kazi za kompyuta, iwe ni kuandika programu, kutengeneza mashine, kuunganisha mitandao au kutunza kumbukumbu za ofisi. Huyu mara nyingi hana somo.

Mafunzo ya kompyuta siku hizi si jambo la ajabu. Yapo maskulini, vyuoni na katika vituo vya watu binafsi, na wasichana wanaojiandikisha wapo. Lakini mtu akisubiri miezi kumi na mbili baada ya sherehe ya kugawa vyeti, kisha akauliza kila mmoja yuko wapi, anaweza kupata majibu ya kusikitisha. Mmoja amerudi nyumbani na cheti chake kimo sandukuni. Mwengine amepata kazi ya kupokea wageni, na kompyuta iliyo mbele yake anaitumia kwa kuandikia majina tu. Wa tatu alikatisha mafunzo katika mwezi wa pili, na hakuna aliyemuuliza sababu. Hasara hiyo si yao peke yao. Fedha zilizowasomesha zimekwisha tumika, na hospitali, skuli na ofisi ambazo zingepata fundi wa karibu zinaendelea kumsubiri fundi wa mbali.

Hoja inayotolewa hapa ni moja. Mwanamke anayeanza kazi hii hapotei kwa kukosa akili. Hupotea kwa kukosa watu. Na watu hao hawapatikani kwa bahati. Hupangwa, kama inavyopangwa ratiba ya masomo au bajeti ya ofisi. Ipo milango minne ambayo mwanafunzi huyo hana budi kuipita: mlango wa kuingia, mlango wa darasa, mlango wa nyumbani na mlango wa kazi. Katika kila mlango ipo mifano ya watu waliopanga wakafanikiwa, na upo wajibu ambao mtumishi na mkaazi wa hapa anaweza kuutekeleza.

KAZI HII SI NGENI KWA WANAWAKE

Kwanza inafaa kuondoa dhana kwamba kompyuta ni kazi ya wanaume ambayo wanawake wanakaribishwa kwa hisani. Mwezi wa Februari, 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, ilioneshwa hadharani mashine iliyoitwa ENIAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa za umeme. Ilikuwa na taa za elektroniki zaidi ya 17,000 na ilijaza chumba kizima. Waliopanga hesabu zake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia katika chumba cha mashine, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya siri ya jeshi. Walipewa michoro tu. Wakaketi pamoja juu ya michoro hiyo, wakaulizana na kusahihishana, mpaka wakaifahamu mashine ambayo hawajaigusa. Jennings na Snyder walizoea kufanya kazi wawili, mmoja akikagua kazi ya mwenziwe, na hakuna aliyeona aibu kuoneshwa kosa lake. Siku ya maonesho sifa walipewa wengine, na miaka mingi ilipita kabla ya majina ya wanawake hao kutajwa inavyostahili.

Visiwani nako upo ushahidi wa karibu zaidi. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilipoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kilikuwa kitu kipya. Hapakuwa na bibi wala mama aliyewahi kufunga mbegu za mwani kwenye kamba na kuzipanda kati ya vigingi. Hata hivyo walioipokea kazi hiyo kwa wingi ni wanawake, na ilienea kutoka pwani moja hadi nyengine. Mwanamke alishuka pwani pamoja na jirani yake, maji yakitoka. Akaona jirani anavyofunga, akafunga. Kamba ikikatika, aliyekuwa karibu akamuonesha. Hakuna aliyejifunza mwani peke yake chumbani. Wanaotaka kujua jamii ya kusaidiana katika elimu mpya inafananaje hawana haja ya kwenda mbali.

MLANGO WA KWANZA: KUINGIA

Mfano uliochunguzwa vizuri katika jambo hili ni wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1995, katika kila wanafunzi 100 walioanza shahada ya sayansi ya kompyuta chuoni hapo, wanawake walikuwa 7 tu. Watafiti wawili, Jane Margolis na Allan Fisher, waliwahoji wanafunzi zaidi ya 100, wanawake kwa wanaume, kwa muda wa miaka kadhaa, na kuwarejea wengi wao mara kwa mara ili kuona nia zao zinavyobadilika.

Waliyoyakuta yana mafunzo makubwa. Wavulana wengi walikuwa wamechezea kompyuta tangu utotoni. Hata pale ambapo mashine ilinunuliwa kwa ajili ya familia nzima, mara nyingi iliwekwa katika chumba cha mtoto wa kiume. Wasichana walifika na alama nzuri za hisabati lakini bila ya uzoefu huo. Waliposikia wenzao wanazungumza kana kwamba wamezaliwa wakijua, walidhani kwamba kutokuwa na uzoefu ni sawa na kutokuwa na uwezo. Imani katika nafsi ilianza kupungua, hamu ya masomo ikafuata, na mwisho wakahama. Wengine walihama hali ya kuwa alama zao ni nzuri.

Chuo hakikuridhika na kutoa nasaha. Kilifungua njia kadhaa za kuanzia masomo ya mwaka wa kwanza, ili asiye na uzoefu asiwekwe pamoja na aliyeandika programu kwa miaka mitano. Kilipunguza uzito uliopewa uzoefu wa awali katika kuchagua wanafunzi, kwa sababu ilibainika kwamba uzoefu huo hauoneshi nani atafuzu. Waalimu wa sekondari walipewa mafunzo, na wanafunzi wanawake wakawa na umoja wao wenye mikutano na viongozi. Mwaka 2000 wanawake walikuwa 42 katika kila 100 walioanza. Ndani ya miaka mitano wasichana wa nchi ile hawakuwa wamebadilika akili. Kilichobadilika ni namna ya kuwapokea.

Kwa upande wa hapa, zipo taratibu ndogo zinazofunga mlango huu bila ya mtu kukusudia. Tangazo la nafasi za mafunzo linapodai "uzoefu wa kompyuta" kwa mtu anayekuja kujifunza kompyuta, msichana mwenye tabia ya kutii maandishi halijazi fomu, na kaka yake hujaza. Tangazo linapobandikwa mjini tu, aliye Makunduchi, Nungwi au Micheweni hulipata siku ya mwisho imekwisha pita. Na nyumbani, kompyuta au simu ya familia inapokuwa mikononi mwa mtoto wa kiume kila jioni, wakati dada yake yuko jikoni, basi mwanzo wa mashindano umekwisha kupangwa kabla ya skuli.

MLANGO WA PILI: DARASANI

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Lakini darasa lenye watu arubaini na mwalimu mmoja, ambamo vijana wawili watatu hujibu kila swali kabla halijamalizika, humfundisha mwanafunzi mgeni kunyamaza. Chuo cha Harvey Mudd, huko California, kiliona tatizo hili na kikalishughulikia kwa njia mbili. Somo la mwanzo liligawiwa kwa kufuata uzoefu wa wanafunzi, ili wapya wawe na wapya. Aidha, mwanafunzi aliyezoea kulitawala darasa kwa ujuzi wake aliitwa pembeni na mwalimu, kwa heshima, akaelezwa kwamba mazungumzo yake ni mazuri lakini yafanyike baada ya kipindi, ili wengine wapate nafasi. Jambo hilo halikugharimu fedha yoyote.

Njia nyengine ilianzishwa na wanawake wawili wa Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, mjini Berlin mwaka 2014. Mafunzo yao, yanayoitwa Django Girls, huchukua siku moja au mbili, hayana malipo, na humchukua mwanamke ambaye hajawahi kuandika programu. Kanuni yao inayostahili kuigwa ni hii: kila mwalimu mmoja hukaa na wanafunzi wasiozidi watatu au karibu ya hapo. Katika meza ya watu watatu hakuna pa kujificha, na pia hakuna wa kumcheka mtu. Maelezo yao yameandikwa kwa lugha nyepesi, na yeyote anaweza kuyachukua akaandaa mafunzo kama hayo mahali pake. Mafunzo hayo yameenea katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Django yenyewe ni chombo cha kuundia programu za mtandao, na mkutano wa kwanza wa Afrika wa wanaokitumia ulifanyika Zanzibar mwezi wa Novemba, 2023. Hivyo ujuzi huo umekwisha kufika hapa. Kinachotakiwa ni meza za watu watatu.

Hapa ndipo panapohitajika somo. Kila mwanafunzi mpya apewe mwanamke mmoja aliyemtangulia, hata kwa mwaka mmoja tu, ambaye anajulikana kwa jina na ambaye amekubali kuulizwa. Haifai awe bingwa mkubwa asiyepatikana. Aliyejifunza mwaka jana bado anakumbuka ni wapi alipokwama, na kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko cheo. Wakutane kwa siku maalumu, mathalan kila Jumamosi asubuhi, mahali pa wazi penye heshima, kama vile maktaba, skuli au ofisi ya shehia. Mwanafunzi anayekosa mara mbili mfululizo atafutwe. Wengi huacha kimya kimya, na laiti wangeulizwa katika wiki ya kwanza, wangerudi.

MLANGO WA TATU: NYUMBANI NA NJIANI

Mwanafunzi anaweza kupokewa vizuri na kufundishwa vizuri, kisha akashindwa kwa sababu ya nauli. Jambo hili lilifahamika mapema kwa wanawake wa Nairobi walioanzisha AkiraChix mwaka 2010. Walikuwa wataalamu vijana wa kompyuta, miongoni mwao Judith Owigar, Angela Oduor Lungati na Linda Kamau, waliochoka kujikuta wanawake peke yao katika mikutano ya fani yao. Mwanzo walikutana wao kwa wao. Baadaye walianza kuwafundisha wasichana wa familia zenye kipato kidogo, kwa mwaka mmoja, bila ya malipo. Kadiri walivyoendelea waliona kwamba ada si kizuizi pekee. Msichana huhitaji chakula, mahali pa kulala, kompyuta ya kufanyia mazoezi na mtu wa kuzungumza naye mambo yakiwa mazito. Kwa hiyo mpango wao ukachukua sura ya dakhalia, na ukapokea pia wasichana wa nchi jirani. Pamoja na programu hufundishwa namna ya kuomba kazi, kuzungumza mbele za watu na kuendesha biashara. Kuhusu waasisi wenyewe, inatosha kusema kwamba Angela Lungati alikuja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Ushahidi, taasisi iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 ambayo programu yake ya kukusanya taarifa za wananchi imetumika katika nchi nyingi duniani.

Si kila shehia inayoweza kujenga dakhalia. Hata hivyo yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo. Darasa linaloanza saa 10:00 za jioni na kumalizika usiku linamfukuza msichana wa shamba, hata kama jina lake limo katika orodha. Likianza saa 2:00 za asubuhi siku ya mapumziko, na likamalizika mapema, huwahi gari ya abiria na kufika kwao kabla ya Magharibi, na mzazi wake hupata utulivu. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba ibadilishwe mapema, kwa sababu inajulikana ni nani anayebeba kazi za futari. Mama mwenye mtoto mchanga apewe nafasi ya kuja na mtu wa kumshikia mtoto. Mkono mmoja haulei mwana, na hauwezi kabisa kumlea na huku unaandika programu.

Wazazi, waume na kaka nao wasilaumiwe kabla ya kuelezwa. Mtu ambaye hajui binti yake anafanya nini mbele ya mashine kwa saa nne ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kituo kinachowaalika wazee siku ya kwanza, kikawaonesha chumba, waalimu na kazi inayofanywa, hupunguza safari nyingi za ugomvi. Pia mwanafunzi ajue mapema ni nani wa kumwendea iwapo mwalimu au mwanafunzi mwenziwe atamfanyia utovu wa adabu, na mtu huyo awe mwanamke mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Wazazi huuliza jambo hili kimoyomoyo. Ni bora lijibiwe kwa sauti.

MLANGO WA NNE: KAZINI

Mafunzo yasiyofikia kazi ni maji yaliyomwagwa mchangani. Mwaka 1962, nchini Uingereza, mwanamke aitwaye Stephanie Shirley, aliyefika nchi hiyo akiwa mtoto mkimbizi mwaka 1939, alianzisha kampuni ya kuandika programu kwa mtaji wa pauni 6. Aliwaajiri wanawake wenye ujuzi walioacha kazi baada ya kuolewa au kuzaa, akawapa kazi ya kufanya majumbani mwao kwa saa walizoweza. Barua zake kwa wateja hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia saini ya "Steve", jina la kiume. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo wa kampuni hiyo wanaume walikuwa 3 tu, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa programu ya chombo cha kurekodia safari za ndege ya Concorde. Wanawake wale walikuwa na ujuzi tangu zamani. Walichokosa ni mwajiri aliyekubali kwamba kazi nzuri inaweza kufanywa na mtu ambaye saa 6:00 za mchana anampikia mtoto.

Mfano wa pili unatoka Unguja yenyewe. Huko Kinyasini, Mkoa wa Kaskazini, chuo cha Barefoot, ambacho asili yake ni kijiji cha Tilonia nchini India, kiliwafundisha akina mama wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo ya skuli au hawakuwa nayo kabisa. Yapo mambo mawili katika utaratibu huo ambayo watu wa kompyuta wanapaswa kuyazingatia. La kwanza, mama hakujipeleka; kijiji chake kilikutana na kumteua pamoja na mwenzake. Kwa hiyo aliporudi baada ya miezi kadhaa na kupanda juu ya paa la nyumba ya jirani, hakuonekana kituko. Alikuwa fundi aliyetumwa na kijiji. La pili, kazi yake ilikuwa imepangwa kabla hajaondoka. Nyumba zilizofungiwa taa zilichangia fedha kila mwezi, na kutokana na michango hiyo fundi alilipwa kwa matengenezo. Kuteuliwa wawili kulimpa mwenzake. Kuteuliwa na kijiji kulimpa heshima. Na mchango wa kila mwezi ulimpa riziki. Hayo matatu ndiyo jamii inayozungumzwa hapa.

Ofisi za Serikali zinaweza kujifunza kutokana na hayo. Mwanafunzi anayeletwa kwa mazoezi ya kazi apewe kazi halisi yenye mwanzo na mwisho: kusawazisha orodha ya majalada, kutengeneza mashine za idara moja, au kuwafundisha makarani wawili kutumia programu mpya. Akipewa chai ya kupeleka na barua za kugawa, atajifunza kugawa barua. Na inapowezekana wapelekwe wawili katika ofisi moja, kama ilivyokuwa Kinyasini, kwa sababu mwanamke mmoja katikati ya mafundi wanaume kumi hutumia nusu ya nguvu zake katika kuthibitisha kwamba anastahili kuwapo.

HOJA MBILI ZINAZOSIKIKA

Wapo wanaouliza: kwa nini wasaidiwe wanawake peke yao, wakati hata vijana wa kiume hawana ajira? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Meza za watu watatu, ratiba ya asubuhi na kazi halisi ya mazoezi humfaa kila mwanafunzi, wa kiume naye. Hata hivyo kijana wa kiume anayekwama hupata wa kumuuliza barazani, katika duka la mtengeneza simu au njiani baada ya mpira. Msichana hafiki barazani. Anachopangiwa ni mfano wa baraza ambalo mwenziwe amelikuta limejengwa. Na kikundi cha wanawake hakifai kuwa mahali pa kuwaweka kando. Ni mahali pa kupata nguvu kabla ya kuingia katika kazi ya pamoja, na kipimo chake ni wangapi wameingia.

Wengine husema kwamba mambo haya yanahitaji wafadhili na mashine mpya. Mashine zinahitajika, ni kweli. Lakini kumwita mwanafunzi msemaji pembeni, kubadilisha saa ya darasa, kumteulia mtu somo na kumtafuta aliyekosa mara mbili hakuhitaji mfadhili. Zipo mashine zinazoharibika kwa vumbi katika vyumba vilivyofungwa, kwa sababu waliofundishwa kuzitumia hawakuwa na watu wa kuwarudisha.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na maelezo hayo, inashauriwa yafuatayo:

(a) Vyuo na vituo vya mafunzo viondoe sharti la uzoefu katika mafunzo ya mwanzo, viwatenganishe wapya na wazoefu, na visitoe darasa la vitendo lisilokuwa na wasaidizi wa kutosha.

(b) Wakuu wa idara wapokee wanafunzi wanawake wawili wawili kwa mazoezi, wawape kazi iliyoandikwa, na watoe ripoti ya kazi hiyo inapomalizika.

(c) Watumishi wanawake wenye ujuzi wa kompyuta, hata ukiwa mdogo, wajitolee kuwa somo wa mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja. Wakuu wao wa kazi wawape ruhusa ya saa chache kwa mwezi, na kazi hiyo itambuliwe katika tathmini ya utumishi.

(d) Masheha wahakikishe matangazo ya mafunzo yanafika katika shehia zao mapema, na kila kijiji kinapopata nafasi kiteue wawili badala ya mmoja.

(e) Wazazi wagawe sawa saa za kutumia kompyuta au simu ya nyumbani, na pia kazi za jikoni na za uani, baina ya watoto wa kike na wa kiume.

(f) Kila kituo kiwe na daftari la pili. La kwanza huandikwa majina ya wanaoanza na wanaopata vyeti. La pili liandikwe, baada ya miezi kumi na mbili, kila mmoja yuko wapi na anafanya kazi gani. Fedha za mwaka unaofuata ziombwe kwa kufuata daftari hili la pili.

Daftari hilo huenda likawa chungu kulisoma katika mwaka wa kwanza. Lakini litaeleza ni katika mlango gani kati ya minne watu wanapotea, na mlango unaojulikana unaweza kutengenezwa. Wanawake wa Philadelphia walipewa michoro bila ya mashine, nao walifika kwa sababu walikuwa sita. Wanawake wa pwani walipewa kamba na mbegu za mwani, nao walifika kwa sababu walishuka pwani pamoja. Msichana wa leo amekwisha kupewa mashine na cheti; kilichobaki ni kupewa wenzake, na hao wamo katika ofisi, skuli na nyumba za visiwa hivi hivi.